Kisima cha Sadaka Kichimbwe kwa Elimu na Amana

Waislamu tunazijua fadhila za kuwapa watu maji. Sayyidna Uthman bin Affan (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma pale Madina kwa mali yake, akakitoa ili kila mtu ateke bila malipo. Naye Saad bin Ubada (r.a.) alipomuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya sadaka bora kwa ajili ya mama yake aliyefariki, alielekezwa kwenye maji, akachimba kisima. Kwa mafundisho hayo, misikiti yetu mingi leo ina kisima kirefu kilichochimbwa kwa mtambo, ama kwa michango ya waumini wenyewe, ama kwa msaada wa ndugu zetu wa nje. Alhamdulillah, hilo ni la kushukuriwa.

Hata hivyo, sadaka jariya ni ile inayoendelea. Kisima kinachokauka baada ya msimu mmoja, au kinachogeuka chumvi, au ambacho pampu yake imeungua na hakuna wa kuitengeneza, kinaendelea kwa lipi? Kibao cha marumaru chenye jina la mfadhili hakinyweki, wala hakitawadhiwi.

Tatizo huanzia kwenye mkataba. Desturi iliyozoeleka ni kumlipa mchimbaji kwa hesabu ya mita. Kamati huhesabu mita, maji yakiruka picha hupigwa, ubani hufukizwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Lakini urefu wa shimo si dhamana ya maji. Katika miamba migumu ya Dodoma na Singida, maji hukaa kwenye mwamba uliochakaa na kwenye nyufa. Ukishazipita nyufa hizo, kila mita ya ziada inaweza kuwa ni jiwe kavu linalolipiwa fedha za waumini. Huku pwani nako, kuchimba sana au kuvuta maji kupita kiasi huweza kuyaita maji ya bahari. Maji matamu huelea juu ya yale ya chumvi, na wataalamu hukadiria kuwa usawa wa maji matamu ukishuka mita 1, ya chumvi huweza kupanda kiasi cha mita 40. Ndiyo maana mtaalamu wa maji ya ardhini hutakiwa apime kwanza kwa vyombo vyake, kabla mtambo haujaitwa.

Mbinu ya kuchimba nayo hufuata ardhi. Penye mwamba hutumika nyundo ya upepo. Kompresa husukuma hewa kwa nguvu kupitia mabomba, nyundo hugonga chini huku ikizunguka, na hewa hiyo hiyo huinua vipande vya mawe hadi juu. Penye mchanga laini, kama sehemu nyingi za pwani, kuta za shimo huporomoka. Hapo huzungushwa tope maalumu la bentonaiti, ambalo hushikilia kuta na kubeba uchafu. Tope hilo lazima lisafishwe kazi ikiisha, kwani lisiposafishwa huziba matundu ambayo maji hupitia. Mchimbaji mwenye haraka akiliacha, watu watasema kisima hakina maji, kumbe maji yapo nyuma ya ukuta wa tope.

Baada ya shimo hushushwa mabomba ya kukinga kuta, na penye maji huwekwa yale yenye matundu membamba ya kuchuja. Pembeni yake humiminwa kokoto ndogo safi. Sehemu ya juu huzibwa kwa saruji, ili maji machafu ya juu ya ardhi yasiteremke kando ya bomba. Hiyo saruji ndiyo inayorukwa kwa wepesi, kwa sababu haionekani. Viwanja vya misikiti yetu ni vidogo, na shimo la choo huwa hatua chache tu kutoka kisimani, ilhali kanuni inayofuatwa na wengi ni kuacha angalau mita 30. Tunaitafuta tohara, kisha tunaichanganya na najisi chini ya ardhi!

Kisha yapo majaribio mawili ambayo kamati isikubali yaachwe. La kwanza ni kuvuta maji kwa saa nyingi mfululizo, hata siku nzima, huku yakipimwa yanavyoshuka na kurudi. Hapo ndipo hujulikana pampu ya nguvu gani inafaa na iwekwe kina gani. La pili ni kuyapeleka maji maabara. Katika maeneo ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Singida kuna maji yenye madini ya floraidi kwa wingi, wakati kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, hutia meno ya watoto rangi ya kahawia, na yakizidi sana hupindisha mifupa. Kuyachemsha hakusaidii.

Tuwatazame ndugu zetu wa Bangladesh. Kuanzia miaka ya 1970, visima vya bomba vilienezwa huko kwa mamilioni, kwa nia njema ya kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara. Maji yalikuwa maangavu, na vipimo vya wakati huo havikuhusisha sumu ya aseniki. Mwaka 1993 ilithibitika kuwa sumu hiyo imo majini, na makumi ya mamilioni ya watu walikuwa wakiyanywa. Visima vingi vilivyoathirika vilikuwa vifupi, na vile virefu sana vilikuwa na usalama zaidi. Funzo ni kuwa nia njema haiondoi wajibu wa kupima.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti na wafadhili. Fedha zikitosha visima vitatu vya haraka au kimoja kilichokamilika, chagueni kimoja. Mkataba utaje upimaji wa ardhi, mabomba, saruji, usafishaji na majaribio yote mawili, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla majibu ya maabara hayajasomwa. Taarifa ya uchimbaji, inayoonyesha kila tabaka lililopitiwa, ihifadhiwe msikitini, kwani fundi wa miaka 20 ijayo ataihitaji. Kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde kipatikane mapema, kama inavyotakiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009.

Mwisho, kila kisima kiwe na mfuko wake. Kama majirani huchangia kidogo kwa kila dumu, fedha hiyo isichanganywe na nyingine, na hesabu yake isomwe mbele ya waumini. Pampu itaharibika siku moja, na hilo si jambo la kushangaza. La kushangaza ni kuanza kupitisha kofia siku hiyo, ilhali dumu zimelipiwa miaka yote. Jirani asiye Muislamu naye huteka hapo, na uaminifu wetu katika hesabu ya maji ni da'wah anayoiona kila asubuhi.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Allah (s.w.) hupenda mja akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu. Tunamuomba Allah azikubali sadaka za waja wake na azijaalie ziendelee kutiririka hata baada ya wao kuondoka duniani. Amin.