Kimraba cha QR kwenye bidhaa yako: kinaleta wateja au ni pambo la lebo?

Mwezi uliopita tulikuwa mnadani tukirekodi kipindi cha bei za mazao. Mama mmoja muuza asali alikuwa amepanga chupa zake vizuri, kila moja ina lebo ya rangi, na kwenye lebo kuna kile kimraba chenye vidoti vyeusi na vyeupe ambacho siku hizi tunakiona kila mahali. Tukatoa simu, tukaskani. Ukafunguka ukurasa unaosema huduma imesitishwa na mwenye msimbo anatakiwa kulipia, tena kwa dola. Mama alishangaa kuliko sisi. Kikundi chao kilikuwa kimeshachapisha lebo elfu mbili, na kijana aliyewatengenezea alikuwa amehamia mjini na simu yake haipatikani.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: hivi vimraba vinamsaidia nani hasa? Wafanyabiashara wengi wa vijijini wanaambiwa wavitumie ili waonekane wa kisasa. Wachache wanaelezwa vinafanyaje kazi, vinagharimu nini, na vinaweza kumtia mtu hasara wapi. Leo tunajaribu kulieleza hilo.

Kimetoka wapi, na ndani yake kuna nini?

Msimbo wa QR ulitengenezwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave. Mhandisi aliyeongoza kazi hiyo anaitwa Masahiro Hara. Shida ilikuwa kiwandani: wafanyakazi walikuwa wanahesabu vipuri vya magari kwa kuskani ile mistari myeusi tunayoiona kwenye sabuni na biskuti. Mistari ile hubeba herufi kama 20 tu, kwa hiyo boksi moja lilihitaji kuskaniwa mara nyingi. Kimraba kipya kiliweza kubeba hadi tarakimu 7,089. Herufi Q na R zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka.

Denso Wave iliamua kutowatoza watu ada kwa kutumia uvumbuzi huo. Ndiyo maana leo mtu yeyote anaweza kutengeneza msimbo wake bila kumwomba mtu ruhusa. Vile viboksi vitatu vya pembeni vinaiambia simu msimbo umeanzia wapi na umekaa upande gani, hivyo unasomeka hata ukiwa umepinduka. Pia umetengenezwa kuvumilia uchafu: kutegemea ulivyoandaliwa, unaweza kusomeka hata kama karibu asilimia 30 yake imechanika au imeingia matope.

Jambo la kushika ni hili: kimraba chenyewe hakina picha wala video ndani. Mara nyingi kinabeba maandishi mafupi tu, kwa mfano anwani ya ukurasa wa intaneti, namba ya simu au ujumbe. Ni mlango. Thamani yake inategemea kilichopo nyuma ya mlango huo.

Kwa nini sasa?

Hapa Tanzania wengi wetu tulikutana na msimbo huu kwenye malipo. Ukiingia dukani au kwenye kituo cha mafuta unakuta stika ya lipa namba, na juu yake kimraba. Zamani kila mtandao na kila benki ilikuja na stika yake, na meza ya muuzaji ikajaa makaratasi. Benki Kuu ya Tanzania ikaweka kiwango kimoja cha taifa kinachoitwa TANQR, lengo likiwa msimbo mmoja upokee malipo kutoka watoa huduma mbalimbali. Kenya nayo ilitangaza kiwango chake cha taifa mwaka 2023.

Malipo si mahali pekee. Risiti ya mashine ya EFD ina kimraba cha kuhakiki kama risiti ni halali kwa TRA. Ankara ya serikali yenye kontrol namba nayo ina kimraba. Kwa maneno mengine, wateja wameshazoea kuskani. Mfanyabiashara hana haja tena ya kuwafundisha. Kilichobaki ni kuwapa sababu ya kufanya hivyo.

Wengine walifanyaje?

Mwaka 2012 huko Seoul, Korea Kusini, duka kubwa la E-Mart lilikuwa na tatizo ambalo hata muuza chakula wa stendi analijua: saa za mchana wateja wanapungua. Wakatengeneza bango lenye vinundu, ambalo kivuli cha jua ndicho kilichokamilisha msimbo. Lilisomeka saa sita hadi saa saba mchana tu. Aliyewahi kuskani alipata punguzo la bei. Kampuni ilieleza kuwa mauzo ya saa hiyo yalipanda kwa asilimia 25. Hatusemi mtu wetu akajenge bango la kivuli. Tunachokiona hapo ni kwamba walijua saa yenye shida, wakatoa zawadi ya kweli, na wakaiwekea muda.

Mfano wa pili ni wa Februari 2022, Marekani, kwenye fainali ya mpira wao wa Super Bowl. Kampuni ya Coinbase ilinunua tangazo la dakika moja, na kwenye skrini kilikuwa kinaelea kimraba tu. Watu waliskani kwa wingi kiasi kwamba huduma yao ya mtandaoni ikazidiwa kwa muda. Mlango ulivutia, nyumba haikuwa tayari. Hata muuza asali anaweza kupata hasara ya namna hiyo: mteja anaskani, anakuta namba isiyopokelewa, na harudi tena.

Huku kwetu kinaweza kufanya nini?

Tumekusanya mawazo matano ambayo hayahitaji mtaji mkubwa.

La kwanza ni kufungua mazungumzo ya WhatsApp. Programu ya WhatsApp Business inakupa msimbo wako bure. Mteja akiskani, anaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo na wewe bila kuandika namba. Unaweza pia kuweka ujumbe ulioandikwa tayari, kwa mfano: "Habari, nahitaji asali lita moja." Mteja anabonyeza kutuma tu.

La pili ni kupiga simu bila bando. Wengi hawajui hili. Msimbo unaweza kubeba namba ya simu au ujumbe mfupi bila ukurasa wowote wa intaneti. Simu yenye uwezo wa kusoma msimbo yenyewe itatokeza namba ya kupiga hata kama mteja hana data. Fundi wa pampu au sola anaweza kubandika msimbo wa namna hiyo kwenye kila kifaa alichofunga. Miaka miwili baadaye kikiharibika, mwenye nyumba hahangaiki kutafuta namba kwenye vikaratasi.

La tatu ni sauti. Sisi wa redio tunalipenda hili zaidi. Si kila mnunuzi anasoma maandishi madogo ya kwenye lebo. Muuza chakula cha kuku au mbolea ya samadi anaweza kurekodi maelezo ya dakika moja kwa Kiswahili safi: kipimo gani, kwa siku ngapi, kihifadhiwe wapi. Sauti fupi inakula bando kidogo kuliko video.

La nne ni asili ya bidhaa. Mnunuzi wa mjini anaogopa asali iliyochanganywa na sukari na mafuta ya alizeti yaliyochakachuliwa. Mwonyeshe mizinga ilipo, siku mliyovuna, na mlivyochuja. Picha tatu za kweli zinatosha. Lakini tuwe wakweli: msimbo si cheti. Hauchukui nafasi ya alama ya ubora ya TBS, na tapeli naye anaweza kuchapisha wake. Vilevile, ukitaka kuingia kwenye maduka makubwa utaulizwa ile mistari ya kuhesabia bidhaa, inayopatikana kupitia GS1 Tanzania na kuanza na 620. Hiyo ni kazi nyingine.

La tano ni kupima tangazo lipi linaleta wateja. Tengeneza misimbo miwili ya WhatsApp. Wa kwenye basi ujumbe wake useme "Nimeona kwenye basi", wa kwenye lebo useme "Nimeona kwenye chupa". Mwisho wa mwezi hesabu. Tuseme basi limeleta ujumbe 6 na chupa zimeleta 40. Hapo unajua pesa ya mwezi ujao uiweke wapi. Kampuni kubwa zinalipa fedha nyingi kujua jambo hilo hilo.

Mtego wa lebo zilizokufa

Turudi kwa mama wa asali. Kuna misimbo ya aina mbili. Wa kwanza umebeba anwani au namba yako moja kwa moja. Huo hauna mwisho wa matumizi na unatengenezwa bure. Ubaya wake, ukibadilisha namba, lebo zote za zamani zimekwisha kazi. Wa pili unapitia kwanza kwenye kampuni iliyoutengeneza, halafu ndiyo unampeleka mteja kwako. Uzuri wake unaweza kubadilisha unakoelekea bila kuchapisha upya. Ubaya wake, kampuni nyingi zinautoa bure kwa siku za majaribio tu. Siku zikiisha usipolipa, mlango unafungwa.

Kikundi cha mama yule kilipewa wa pili bila kuambiwa. Kwa hiyo kabla ya kuchapisha, muulize anayekutengenezea maswali matatu. Je, msimbo huu una mwisho? Akaunti yake iko kwa jina na nywila ya nani? Nikibadilisha namba itakuwaje? Kisha chapisha kumi tu kwanza, uzijaribu kwa simu tofauti, ukiwemo mtandao wa kijijini kwenu. Usiweke msimbo mdogo kuliko sentimita 2 kila upande, uwe mweusi juu ya nyeupe, na chini yake andika namba ya simu kwa tarakimu za kawaida. Wenye simu za kitochi nao ni wateja.

Matapeli nao wanajua kubandika

Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022, katika miji ya Texas nchini Marekani, watu walikuta stika za uongo zimebandikwa kwenye mashine za kulipia maegesho. Dereva akiskani, anapelekwa kwenye ukurasa wa matapeli. Stika ya karatasi mezani kwako inaweza kufunikwa kwa namna hiyo hiyo, na fedha ya mteja wako ikaenda kwa mtu mwingine.

Muuzaji, kila asubuhi iskani stika yako mwenyewe uone jina linalotokea ni lako. Usitoe mzigo kwa kuonyeshwa picha ya ujumbe kwenye simu ya mteja. Subiri ujumbe uingie kwenye simu yako. Mnunuzi, soma jina kabla ya kuweka namba ya siri. Na mtu akikuambia uskani kisha uweke namba ya siri ili upokee pesa, huyo ni tapeli. Kupokea hakuhitaji namba yako ya siri.

Kuna upande mwingine wa uaminifu. Namba za wateja utakazopata kupitia WhatsApp si mali ya kugawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa lengo walilolikubali. Aliyeuliza bei ya asali hajakupa ruhusa ya kumwingiza kwenye kundi la mikopo.

Je, ni lazima?

Kwa maoni yetu, hapana. Muuza nyanya ambaye wateja wake wote wanapita mbele ya genge lake kila jioni hahitaji kimraba cha matangazo. Stika ya malipo inamtosha. Anayekihitaji ni yule ambaye bidhaa yake inasafiri kuliko yeye: asali inayofika Dodoma, mchele unaofika Dar es Salaam, kikapu kinachobebwa na mgeni hadi nje ya nchi. Bidhaa ya namna hiyo ikifika mbali mwenyewe hayupo, dalali ndiye anayejulikana, na mteja akiipenda hajui amtafute nani. Hapo kimraba cha bure kinaweza kumrudisha mteja kwa mzalishaji, na bei ya pili ikajadiliwa bila mtu wa katikati.

Kikundi cha mama wa asali sasa wanabandika stika ndogo juu ya ule msimbo uliokufa, yenye msimbo wa namba yao ya simu. Ni kazi ya mkono, chupa moja moja. Walipotuuliza kama wachape lebo mpya elfu mbili, tuliwaambia waanze na hamsini.