Kompyuta ikikagua diski kila asubuhi

Mzazi mwenzangu, hapa Sumbawanga umeme ukikatika ghafla, kompyuta ikiwashwa tena huweza kuanza kukagua diski yake. Mara moja si tatizo. Yangu ilikagua asubuhi nne mfululizo, nami nikapuuza. Homa inayorudi kila siku haitoshi kuipa panadol. Diski nayo ikirudia hivyo, huenda inakufa.

Usiikague tena na tena, kazi hiyo huichosha. Kwanza nakili picha na vyeti vya watoto kwenye flashi au diski ya nje, kisha fundi aweke diski mpya. Ukisikia inagonga ndani, izime mara moja, umpelekee fundi.

Mimi nilichelewa: picha za mwanangu akiwa mchanga zilipotea zote. Wewe nakili leo jioni.