Mji Umekuwa Jiji, na Bomba Liko Wapi?



Tarehe 1 Desemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuja Nakuru akatoa Hati ya Jiji. Tangu siku hiyo sisi tu watu wa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Hatuna kinyongo na heshima hiyo hata kidogo. Reli ilifika hapa mwaka 1900, mji ukatangazwa mwaka 1904, na katika miaka ya 1920 reli ya Eldoret na Uganda ilipojengwa kutoka hapa, Nakuru ikawa njia panda ya gari la moshi. Mji huu ulizaliwa na reli. Mfanya kazi wa reli akiambiwa kwamba mji wake sasa ni jiji, ana haki ya kufurahi kuliko wengine.

Lakini mwanachama mmoja wa Rhonda aliuliza katika mkutano: "Je, na mtungi wa maji umepandishwa cheo?" Watu walicheka sana. Twataka kulijibu swali lake, maana halikuwa la mzaha.

Wale wasiokaa huku na wasikie. Rhonda iko upande wa magharibi wa jiji, imebanwa kati ya Kaptembwa na ua wa Mbuga ya Ziwa Nakuru. Wengi wetu twakaa kwenye ploti, chumba kimoja kimoja cha mabati au mawe, milango yatazamana, na choo ni kimoja kwa nyumba nyingi. Udongo wetu ni majivu ya volkano, hauna nguvu. Mvua kubwa ikinyesha shimo la choo huporomoka, na mwenye ploti akichimba jingine hulichimba karibu na lile la kwanza, kwa sababu nafasi nyingine hana. Na hapo hapo kwetu ndipo yalipo mabwawa ya Njoro ya kusafisha maji machafu ya mji. Uchafu wa wenye vyoo vya maji huko juu wapita katika mabomba chini ya ardhi kuja kwetu, na sisi tunaoyapokea twaendelea kuchimba mashimo. Jambo hilo halihitaji maelezo ya mtu aliyesoma sana.

Sasa tuje kwenye mtungi. Tuseme nyumba ina watu watano na yatumia mitungi 6 ya lita 20 kwa siku, na mtungi ni shilingi 10. (Siku bomba likikauka si shilingi 10 tena, kila mama wa Rhonda ajua.) Ni shilingi 60 kwa siku, shilingi 1,800 kwa mwezi. Na maji yenyewe ni lita 120, yaani lita 24 kwa kila mtu, kwa kupika, kufua, kuoga na choo. Shirika la Afya Duniani husema mtu ahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku. Basi twalipa pesa hizo kwa nusu ya maji, au chini ya nusu. Tazameni tena: mitungi 50 ni mita moja ya maji, kwa hivyo mita moja kwetu ni shilingi 500. Mwenye mita ya maji nyumbani kwake Milimani hulipa chini sana ya hapo, tena afungua mfereji akiwa amevaa ndara. Maskini hununua ghali na tajiri hununua rahisi. Dukani ukimwambia mtu habari kama hiyo atadhani umelewa.

Hatujasema habari ya meno. Maji mengi ya visima vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 katika lita moja. Mtoto akinywa yenye kupita kiasi miaka yake ya kwanza, meno hutoka ya kahawia na hayatakati kwa mswaki wala mkaa. Ikizidi sana hufika hata kwenye mifupa. Hapa Nakuru Kanisa Katoliki limefanya kazi ya miaka mingi kuyachuja kwa makaa ya mifupa ya ng'ombe, na kazi hiyo ni njema. Lakini mwenye mkokoteni hana cheti cha kuonyesha maji yake yametoka kisima gani, na mama mwenye haraka hamwulizi.

Wako ndugu wanaosema: haya ni mambo ya kaunti na siasa, chama kishughulike na mshahara. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao, na sababu yetu iko katika historia ya wafanya kazi wenyewe.

Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na dai lao kubwa lilikuwa pesa za kodi ya nyumba. Januari 1947 mji ule ule ukasimama tena, bandari na reli pamoja, na baadaye wakaongezewa mshahara na pesa za nyumba. Kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo akapelekwa kuzuiliwa Kabarnet, huku kwetu juu ya Baringo. Kwa hivyo hiyo pesa ya nyumba unayoiona kwenye karatasi ya mshahara si zawadi. Watu walikula njaa kwa ajili yake, na mmoja akapoteza miaka yake. Wale hawakuona mpaka kati ya mshahara na mahali pa kulala.

Zamani mfanya kazi wa reli alikaa landhi. Wazee wetu hawazisifu landhi. Chumba kilikuwa kidogo, watu wengi, na bombani palikuwa na foleni. Hata hivyo bomba lilikuwako, na choo, na vyote viwili vilikuwa juu ya tajiri. Kisha mambo yakabadilika. Mwaka 2006 sehemu ya nyumba na viwanja vya Reli ilitiwa katika mfuko wa wastaafu, na mwaka huo huo treni zikakodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways mpaka mwaka 2017. Sisi tulioajiriwa siku hizi wengi wetu hatukuonja landhi. Tumepewa pesa ya nyumba, tukaambiwa tujitafutie.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema tajiri atoe nyumba ya kufaa karibu na kazi, au alipe pesa za kutosha juu ya mshahara ili mfanya kazi apange nyumba ya kufaa. Kifungu kinachofuata, cha 32, chazungumza maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba ambazo tajiri amewapa watu wake. Someni vifungu hivyo viwili pamoja, polepole. Ukikaa nyumba ya tajiri, sheria yayataja maji yako. Ukipewa pesa ukapange Rhonda, maji hayatajwi tena. Tulipotoka landhi tulibeba kitanda na sufuria, na bomba tukaliacha nyuma. Wala katika mapatano hatujapata kuuliza kwa sauti: chumba kisicho na maji, na choo cha nyumba kumi, ni "nyumba ya kufaa"?

Tukiwa hapo hapo, tangu Sheria ya Nyumba ya mwaka 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa nyumba za bei nafuu, na tajiri naye hutoa kiasi hicho hicho. Mtu anayekatwa kila mwezi kwa ajili ya nyumba hapaswi kuambiwa kwamba habari ya nyumba haimhusu.

Kwa upande wa serikali, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya kupata maji safi ya kutosha, na nyumba, na usafi wa kiasi cha kufaa. Kazi ya maji na maji machafu imewekwa mikononi mwa kaunti. Wakati wa kura sote twajua yanayotokea: tangi huletwa, limeandikwa jina la mtu kwa rangi, picha zapigwa. Tangi bila bomba ni pipa tu. Mtu wa siasa akija Rhonda na aulizwe maneno mawili: bomba kubwa litapita njia ipi, na pesa zake zimeandikwa katika makadirio ya mwaka gani? Asiyejua na apewe chai, kisha aende.

Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yataka jiji liwe na Bodi, na baadhi ya watu wake wapendekezwe na vyama vya wataalamu, wenye biashara, kazi ndogo ndogo za jua kali, na vyama vya wakazi wa mitaa. Vyama vya wafanya kazi havikutajwa kwa jina. Lakini chama cha wakazi ni mlango, na hakuna anayetuzuia kuingia. Makadirio ya kaunti nayo hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na wananchi hawana budi kusikizwa. Mara nyingi mikutano hiyo huitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, hivyo wanaohudhuria ni wale wasio na zamu. Tudai ifanywe Jumamosi alasiri, na ifanywe Rhonda, si katika hoteli mjini.

Maoni ya ukurasa huu ni kwamba katika mapatano yajayo tawi lidai pesa ya maji, iandikwe peke yake chini ya pesa ya nyumba, kwa kila mfanya kazi ambaye hana bomba kwake. Matajiri watasema hakuna hesabu. Basi tuwe nayo. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao kila mwanachama wa Rhonda, Kaptembwa na kwingineko ahesabu mitungi ya nyumba yake, bei yake kila siku, na siku bomba la jirani lilipokauka. Andikeni katika karatasi yoyote, hata ya daftari la mtoto. Jina la mwenye ploti si lazima. Karatasi zipelekwe kwa mwakilishi wa idara yako mwisho wa mwezi, siku ya mshahara.