HESABU KWANZA, MASHINE BAADAYE

Ndugu zetu wa Mabwerebwere wanaotaka mashine yao ya kukamua alizeti tunawaunga mkono. Mkulima anayeuza mbegu kisha akanunua mafuta dukani hujipunja mara mbili. Lakini kabla fedha za wanachama hazijatoka, tutazame lililotokea hapa hapa mkoani kwetu.

Katika miaka ya 1970 Benki ya Dunia ilitoa fedha za kujenga kiwanda cha viatu Morogoro. Makisio yalisema kitatoa jozi milioni 4 kwa mwaka, kitoshe nchi nzima, na robo tatu ya viatu iuzwe Ulaya. Jengo likawekewa kuta za alumini bila njia za hewa, na joto la Morogoro twalijua. Kiwanda hakikupata kuvuka sehemu 4 katika 100 za uwezo wake. Mwaka 1990 kikaacha kazi. Mashine mpya zilikuwapo. Hesabu ndiyo iliyokuwa ya ndoto.

Ndoto hiyo ina bei. Tuseme mashine yetu yaweza kukamua magunia 400 kwa mwezi, na mlinzi, pango, riba na uchakavu vinakula Shs. 400,000 kila mwezi, ifanye kazi isifanye. Yakija magunia 400, kila gunia litabeba Shs. 1,000. Yakija 16 tu, yaani sehemu 4 katika 100, kila gunia litabeba Shs. 25,000. Umeme na vibarua bado hatujavihesabu!

Basi, ndugu, tusikisie kwa maneno ya muuza mashine. Tuhesabu magunia yaliyovunwa kweli, mwaka mzuri na mwaka mbaya, na miezi ambayo mashine italala bila mbegu. Tuandike bei ya mashine, usafiri, banda, vipuri na fundi. Juu yake tuweke akiba ya dharura: Kilosa haijasahau mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliyokata Reli ya Kati.

Hesabu hiyo isomwe mkutanoni mbele ya wote, na kila mwanachama, mwanamume kwa mwanamke, awe na haki ya kuuliza. Ikionyesha hasara, tununue mashine ndogo zaidi, au tusubiri. Kusubiri si aibu. Aibu ni kuwarithisha watoto wetu deni na chuma chenye kutu.