Serikali Haikumzaa Mtu

Mwingereza Hobbes aliandika mwaka 1651 kwamba watu wasipowekwa chini ya mtawala mwenye nguvu, watadhuriana pasipo mwisho. Wako wanaomsifu hata leo. Sisi wa Kasongo twawauliza: je, Tippu Tip alikosa nguvu? Alitawala hapa, na watu wakauzwa. Mwaka 1893 wakaingia askari wa Leopold II, ambaye amri yake ya 1885 ilifanya ardhi "tupu" kuwa ya Serikali. Tupu! Shamba lililopumzishwa lina mwenyewe, hata mtoto wa Kabambare anajua. Locke alifundisha kwamba haki ya mali hutoka katika kazi ya mtu, si kwa mfalme. Naye Papa Leo XIII akaandika mwaka 1891 kwamba mtu ameitangulia Serikali. Basi sheria yetu ya 1973, inayosema udongo wote ni mali ya Serikali, imemfuata nani?