Okidi na jagi la maji

Okidi nyingi za sebuleni hazifi kwa kiu. Zinakufa kwa kupendwa: baba kamwagia asubuhi, mama kamwagia jioni, mizizi inaoza. Hapa Kidahwe mimi napandia kwenye magome ya mti na vipande vya mkaa, si udongo. Okidi kama Ansellia africana, ile ya maua ya njano yenye madoa ya kahawia, huota juu ya matawi. Mizizi yake inataka hewa. Chungu kiwe na matundu. Mizizi ikiwa kijani, iache. Ikigeuka kijivu, mwagilia, na amwagilie mmoja wenu tu! Halafu shemeji, tafadhali, usimkwanyulie bibie okidi porini. Zote zinalindwa na mkataba wa CITES. Tafuta iliyooteshwa bustanini.