Mandhari Si Mali ya Wageni

Wapo wasemao kuwa kuchora mandhari ni sanaa ya Mjapani na Mzungu. Mwafrika, wadai, kazi yake ni kuchonga na kusuka. Dai hilo twalipinga.

Hokusai (1760–1849) alikuwa na umri wa miaka 70 hivi alipoanza kutoa mfululizo wa picha zake za Mlima Fuji. Hakuuchora mlima mtupu. Aliweka mbele yake watu kazini: fundi wa mapipa, wapasua mbao, mvuvi. Mara nyingine mlima wenyewe huonekana mdogo nyuma ya jasho lao.

Je, Sam Ntiro (1923–1993) hakufanya vivyo hivyo? Mzaliwa huyu wa Machame, aliyesoma na kufundisha Makerere, hapa hapa Uganda, alichora miteremko ya Kilimanjaro, migomba yake, na wanakijiji wakisaidiana kazi. Hakumwiga Mjapani, kijiji chake kilimtosha.

Basi kwa nini mtoto wetu, akiambiwa achore mlima, achore ule wa kwenye kalenda? Wa Arua ana Mlima Wati. Wa Koboko ana Liru. Walugbara husimulia kuwa mashujaa wao wa kale, Dribidu na Jaki, walifia kwenye milima hiyo.

Nasi walimu wa Kiswahili tusijitoe, tukasema hayo ni ya mwalimu wa kuchora. Asiyeutazama mlima wake atauandikia insha kwa maneno ya kuazima. Tuwatoe wanafunzi nje: watazame kwanza, ndipo wachore, ndipo waandike.